Theluji ikikukuta Texas: fanya haya kabla umeme haujakatika

Ndugu zangu mlioko Texas, Georgia, Louisiana na majimbo mengine ya kusini mwa Marekani, hasa nyie mliofika miaka ya karibuni na mkaambiwa huku hakuna baridi, naomba mnisikilize vizuri. Theluji huku inakuja. Haiji kila mwaka, unaweza ukakaa miaka miwili mitatu hujaiona, halafu siku moja inashuka usiku na asubuhi mji mzima umesimama. Ndugu zetu wa Minnesota na Maine wanatushangaa, yaani inchi mbili tu ndo mmefunga na shule? Sasa wao nyumba zao zimejengwa kwa ajili ya baridi, mabomba yamefukiwa chini sana, magari ya kusukuma theluji wanayo kibao. Huku nyumba imejengwa kwa ajili ya joto, mabomba mengi yanapita darini na kwenye kuta za nje, watu wengi wanapasha nyumba kwa umeme, na magari ya kumwaga chumvi barabarani ni ya kuhesabu. Kwa hiyo theluji ileile ambayo kule juu ni siku ya kawaida, huku inakata umeme, inakata maji, inafunga barabara na maduka, vyote kwa pamoja.

Februari 2021 ndo ilituonyesha. Alfajiri ya tarehe 15, saa saba na kitu usiku, ERCOT ambao ndo wanasimamia gridi ya umeme ya Texas waliamuru umeme uanze kukatwa, wakasema utakuwa mgao wa zamu, lakini kuna mitaa ilikaa gizani siku tatu nne. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 4.5 zilikosa umeme. Kesho yake Dallas ilifika 2 chini ya sifuri kwa Fahrenheit, yaani kama -19 kwa zile nyuzi tulizozizoea sisi. Jimbo lilihesabu vifo 246, na wengi waliuawa na baridi, wengine wakiwa ndani ya nyumba zao wenyewe. Na usidhani ilikuwa ya mara moja ikaisha, Januari 2025 New Orleans ilipata inchi 8, sentimita 20 za theluji, mji ambao watu wake wengi walikuwa hawamiliki hata glovu.

Sasa twende kwenye cha kufanya, na nakuomba ukisome mapema maana siku yenyewe intaneti inaweza isiwepo.

Simu ikilia

Meseji ya hali ya hewa ikisema Winter Storm Watch maana yake hali inaweza kuja, una kama siku mbili hivi za kujiandaa. Ikisema Winter Storm Warning basi imefika au iko mlangoni, hapo kujiandaa muda umebana. Watu wetu wengi wanaifuta ile meseji kwa sababu ni ya Kiingereza na imekuja usiku. Usiifute. Mwambie mtoto anayesoma shule akusomee, na ukishaelewa mpigie jirani unayejua hasomi, hasa wale wazee waliokuja na wajukuu.

Namba ya kukumbuka ni 32. Kwa Fahrenheit hapo ndo maji yanaganda. Ikishuka kuelekea 20 hapo mabomba ya nyumba za huku yako kwenye hatari ya kweli.

Siku ya Watch ndo siku ya dukani. Usingoje kesho, kesho mkate na maji vimeisha. Na ununue ukiwa unafikiria jiko lako ni la nini. Apatimenti nyingi huku jiko ni la umeme, umeme ukienda huna jiko, na gunia la unga wa ugali halitakusaidia kitu. Nunua vinavyolika bila moto: mkate, siagi ya karanga, ndizi, biskuti, samaki wa kopo, maharage ya kopo na kifungulio cha mkono cha hayo makopo, maziwa ya unga ya mtoto. Pika mapema pia, chapati za kutosha, mayai ya kuchemsha, chai ijae kwenye chupa zote za chai ulizonazo. Maji ya kunywa hesabu galoni moja kwa kila mtu kwa kila siku, angalau siku tatu. Tochi na batri, mishumaa mimi siipendi kwenye nyumba yenye watoto. Chaji simu zote na pawabenki zote, gari weka mafuta fuli maana vituo vya mafuta pia vinatumia umeme kuvuta mafuta.

Mwenye dawa za kila siku, presha, sukari, pumu, kachukue kabla duka la dawa halijafungwa. Anayetumia mashine ya oksijeni au anayesafishwa figo huyo asisubiri kabisa, piga simu hospitali au kliniki yake siku hiyohiyo uulize mpango wao ni upi barabara zikifungwa.

Mabomba

Hapa ndo watu wanapata hasara kubwa kuliko zote, maana maji yakiganda yanatanuka, bomba linapasuka, na wewe hujui kitu mpaka barafu iyeyuke, ndo unaona dari inashuka na kitanda na zulia na nyaraka za watu vyote viko majini.

Kwanza jua pa kufungia maji yote ya nyumba. Kwa nyumba za kujitegemea mara nyingi iko kwenye kiboksi kilichozama ardhini karibu na barabara, palipo mita, nyumba nyingine ina koki yake ukutani au karibu na hita ya maji. Kama ni apatimenti nenda ofisini uulize leo hii, usisubiri siku ya tatizo maana siku hiyo ofisi imefungwa na namba ya dharura inaita tu.

Toa mpira wa bustani kwenye koki ya nje kisha uifunike hiyo koki. Kifuniko chake kinauzwa dola chache, ukikosa taulo kuukuu na mfuko wa plastiki na gundi ya mkanda vinafanya kazi. Jioni ile baridi inapoanza, fungua kidogo koki za ndani, ya moto na ya baridi zote, maji yatone au yatoke kama uzi mwembamba, hasa ile koki iliyo mbali zaidi na maji yanapoingilia na zile zilizo kwenye ukuta wa nje. Fungua milango ya kabati chini ya sinki ili joto la nyumba lifike kwenye mabomba, ila sabuni na dawa za kuoshea zitoe kwanza kama kuna mtoto anayetambaa. Najua mnaogopa bili ya maji. Bili ya maji ya kutona usiku mbili ni ndogo sana ukilinganisha na kubadilisha sakafu.

Hita iache ikiwaka hata mkitoka nyumbani. Nyumba isizimwe joto kabisa.

Halafu jaza maji. Ndoo zote, masufuria, na lile beseni kubwa la bafuni lijae mpaka juu, hayo ni ya chooni. Maji yakikatika unamwaga ndoo moja kwa nguvu kwenye choo kinashuka, hii sisi tunaijua toka nyumbani haina haja ya kufundishana. Mtu anaweza kusema nitayeyusha theluji, sawa, lakini sufuria kumi za theluji zinakupa kama sufuria moja tu ya maji, na si ya kunywa bila kuchemsha.

Ukifungua koki asubuhi hakitoki kitu, bomba limeganda. Iache koki wazi, tafuta sehemu iliyoganda, pasha kwa mashine ya kukaushia nywele au taulo lililoloweka maji ya moto, anzia upande wa koki ukirudi nyuma. Moto wa aina yoyote usisogeze hapo, nyumba zimeungua hivyo. Ukiona maji yanachuruzika ukutani funga maji yote kwanza, mengine baadaye.

Umeme ukikatika, na habari ya jiko la mkaa

Hii sehemu ningependa kila baba na kila mama aisome mara mbili.

Tumekua na jiko la mkaa. Baridi ya Iringa au Limuru au Bukavu ikibana mtu anavuta jiko karibu, na wote tumewahi kusikia nyumbani kwetu habari za familia iliyolala na jiko ndani ikakutwa asubuhi haiamki. Sasa zile nyumba za kwetu bado zina nafasi, mlango haukai sawa, bati lina tundu. Apatimenti ya huku imezibwa kila kona ili kiyoyozi kisipoteze ubaridi. Ukiingiza mkaa humo ndani, au griili ya gesi, au jenereta, ile hewa ya sumu, kaboni monoksidi, inajaa haraka na haina harufu, haina rangi, hutaiona wala kuinusa. Februari 2021 mamia ya watu wa Houston na kwingineko walikimbizwa hospitali kwa sumu hiyo, na wapo waliokufa, kwa sababu walikuwa wanajaribu kupasha watoto joto. Watu wa kawaida kabisa, wazazi wazuri.

Kwa hiyo: mkaa ndani hapana, hata dirisha likiwa wazi. Kwenye kibaraza cha apatimenti pia hapana. Jenereta ikae nje kabisa mbali na nyumba, futi 20 au zaidi, na bomba lake la moshi lielekee upande mwingine. Oveni ya gesi usiiwashe ili kupasha nyumba. Gari usiliwashe ndani ya banda lake hata mlango wa banda ukiwa umefunguliwa, sumu inapita mpaka vyumbani. Watu wengine walienda kukaa kwenye gari ndani ya banda wachaji simu na kupata joto, wakafia hapo.

Nunua king'ora cha kaboni monoksidi chenye batri, kinauzwa maduka ya vifaa vya ujenzi na supamaketi kubwa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kuishiwa nguvu na kutaka kulala, mtu anadhani ni mafua. Tofauti ni kwamba mnaumwa wote kwa wakati mmoja, na ukitoka nje unapata nafuu. Ukiona hivyo tokeni nje wote hapohapo na theluji yake, piga 911. Kiingereza kikikushinda sema tu "Swahili", wana utaratibu wa kutafuta mkalimani kwa simu, usikate, na anwani yako iwe imeandikwa kwenye karatasi mlangoni ili hata mtoto aweze kuisoma.

Joto mtalipata hivi. Chagueni chumba kimoja, kidogo, kisicho na madirisha mengi, na familia nzima ihamie humo. Ziba chini ya mlango kwa taulo, madirisha yafunike kwa blanketi au vitenge viwili vitatu vilivyopandishana, mchana upande wenye jua funua kidogo. Godoro liwekwe chini, lakini weka kitu kati ya godoro na sakafu. Vaa nguo nyingi nyembamba moja juu ya nyingine badala ya koti moja zito, kofia kichwani hata ukilala, soksi kavu. Nguo ikilowa ibadilishe hapohapo, unyevu unavuta joto la mwili vibaya sana. Watoto walale katikati, isipokuwa kichanga, huyo asilale chini ya mablanketi mazito pamoja na watu wazima, mvalishe vizuri na akae kifuani kwa mama aliye macho.

Umeme wa mgao ukirudi na una hita ndogo ya kuchomeka, chomeka moja kwa moja ukutani, usitumie waya wa kuongezea, na iwe futi 3 kutoka kwenye pazia na kitanda. Kabla umeme haujarudi zima vitu vikubwa ili visiwake vyote kwa mpigo.

Mtu akitetemeka sana, kisha akaanza kuongea maneno yanayogongana, kuchanganyikiwa, kusinzia, hiyo ni hatari. Mtoe nguo mbichi, mpashe kifua na tumbo kwanza kuliko mikono na miguu, kinywaji cha uvuguvugu chenye sukari kama yuko macho, na uite msaada. Pombe haipashi mwili, inafanya ngozi ijisikie joto huku ndani unapoa. Vidole vikifa ganzi na kubadilika rangi usivisugue, viweke kwenye maji ya uvuguvugu.

Friji usiifungue fungue. Imefungwa inatunza chakula kama saa 4, friza iliyojaa inafika saa 48. Unaweza kugandisha chupa za maji nje halafu ukaziweka ndani ya friji.

Kama nyumba imeshindikana, piga 211 hapa Texas, wanakuelekeza jengo la karibu lililofunguliwa kwa ajili ya watu kupata joto. Makanisa na misikiti mingi hufungua pia. Kwenda huko si aibu, na hawakuulizi mambo ya karatasi.

Barabarani

Ushauri wangu wa kwanza ni usiendeshe. Tarehe 11 Februari 2021, alfajiri, siku kadhaa kabla theluji kubwa haijafika, mvua inayoganda ilinyesha kidogo tu Fort Worth. Kwenye barabara kuu ya I-35W magari zaidi ya 130 yaligongana, watu 6 walikufa. Saa zile za alfajiri ndo saa ambazo watu wetu wengi wako njiani, wanatoka shifti ya usiku au wanawahi ya asubuhi. Barafu ile huioni, lami inaonekana imelowa tu. Daraja na flaiova zinaganda kwanza kwa sababu upepo wa baridi unapita juu na chini yake, kwa hiyo barabara inaweza kuwa salama kilomita nzima halafu unapanda daraja gari linakuwa si lako.

Ukilazimika, nenda taratibu mno, acha nafasi kubwa mbele, usikanyage breki kwa kushtuka. Gari likianza kuteleza ondoa mguu kwenye mafuta, zungusha usukani taratibu kuelekea unakotaka kwenda. Gari la kuvuta matairi manne linakusaidia kuondoka, halikusaidii kusimama, na wengi wanaoishia mtaroni ni wenye magari makubwa waliojiamini. Kioo kikiganda usimwage maji ya moto, kitapasuka, washa gari likiwa nje, hita ielekee kwenye kioo, kwangua na kadi ya plastiki. Ndani ya gari kuwe na blanketi, maji, chaja na kitu cha kula. Atlanta tarehe 28 Januari 2014 ilipata inchi 2 na nusu hivi tu, ila shule na ofisi zote ziliruhusu watu muda mmoja, barabara zikafunga, watu wakalala kwenye magari na watoto wakalala mashuleni. Ukikwama kaa ndani ya gari, washa injini dakika kama 10 kila saa, na kabla ya kuwasha shuka uhakikishe bomba la moshi halijazibwa na theluji.

Kwa miguu tembea kama bata, hatua fupi, miguu imetanuka kidogo, mikono nje ya mifuko. Kina mama wanaobeba mtoto mgongoni, siku hiyo mtoto abaki ndani.

Kazi na shule

Hapa watu wanahatarisha maisha kwa kuogopa supavaiza. Tuma meseji mapema, kabla shifti haijaanza, piga picha ya barabara iliyo mbele ya nyumba yako, na uhifadhi majibu yote. Ukiwa unalipwa kwa saa, sheria ya taifa haimlazimishi mwajiri kukulipa saa ambazo hukufanya kazi, hilo lijue ili upange bajeti, ila uliza kama unaweza kutumia siku zako za likizo. Simu ya shule inayokuja na sauti ya mashine isikilize mpaka mwisho. Na watoto waliozoea kula mchana shuleni, wiki hiyo watakula nyumbani, kwa hiyo kwenye manunuzi yako ongeza.

Waache wacheze, jamani. Wengine wanaijua theluji kwa picha ya Kilimanjaro tu. Dakika 15 au 20, kisha ndani wabadilishe soksi.

Ikianza kuyeyuka

Kinachoyeyuka mchana kinaganda tena usiku, kwa hiyo asubuhi ya pili na ya tatu barabara inaweza kuwa mbaya kuliko ya kwanza. Mji ukitangaza maji yachemshwe, yachemke kwa dakika 1 nzima ya kutokota kabla ya kunywa, kupigia mswaki na kutengenezea maziwa ya mtoto.

Zunguka nyumba uangalie kila ukuta na dari. Ukikuta maji yameingia, piga picha na video kabla hujafuta chochote, kisha mwandikie mwenye nyumba au ofisi ya apatimenti kwa maandishi yenye tarehe, simu peke yake haitoshi. Kama una bima ya mpangaji, mara nyingi inagusa vitu vilivyoharibiwa na bomba lililopasuka ghafla, na saa nyingine hata gharama za kulala kwingine, kwa hiyo wapigie siku hiyohiyo, na kama huna, iulizie sasa hivi kabla msimu wa baridi haujafika. Rais akitangaza janga kwenye kaunti yenu, kama ilivyotangazwa Texas tarehe 19 Februari 2021, unaweza kuomba msaada FEMA, shirika la serikali ya taifa la kusaidia watu wakati wa majanga. Kuomba ni bure, anayekuomba hela ili akujazie fomu au anayegonga mlango anataka namba yako ya Social Security usimpe. Risiti za hoteli, maji, godoro jipya, zote weka kwenye bahasha moja, na uangalie mkataba wako wa umeme umeandikwa bei isiyobadilika, maana 2021 wale waliokuwa na mikataba inayofuata bei ya soko walipata bili za maelfu ya dola kwa siku chache tu.